Kubadhi lililozama Forodhani

Nilikwenda Unguja kwa kazi ya siku tatu, na ya kazi sina la kusimulia. Boti kutoka Dar ilichukua saa mbili hivi, nauli ya kuumiza, kiyoyozi cha kugandisha samaki.

Jioni ya pili nikaenda bustani ya Forodhani. Ukuta wa bahari pale ni mfupi, wa kukalika, nami nikafanya kama wenyeji, nikaning'iniza miguu upande wa maji. Nilivaa makubadhi mapya ya soko la Darajani, elfu thelathini, bei ya mtu wa bara. Kijana mmoja akanipita mbio kwenda kujirusha, nikashtuka, la kulia likanichomoka. Chubwi!

Wale wavulana wanaopiga mbizi na pindu kila jua linapozama wakasimama wote, wakautazama mguu wangu.

"Ami, tukutolee?"

"Nitolee, mwanangu."

"Elfu kumi."

"Elfu kumi kwa kiatu kimoja?"

"Na hicho kingine utakivaa na nani?"

Hapo kesi ikapata mahakimu. Mama mmoja wa buibui, bakuli la urojo mkononi, akasema elfu mbili inatosha. Muuza mishikaki akaacha jiko lake aje kusikiliza. Mzee wa kofia aliyeketi kando yangu akasema watoto wasizoeshwe fedha, kisha akanishauri niharakishe, maji yanakupwa. Tukakubaliana elfu tatu na juisi ya miwa glasi mbili. Mara ya tatu kijana akaibuka, kubadhi amelivaa kichwani kama kofia. Watu wakapiga makofi.

Nikakaa hadi saa nne nikisubiri ngozi ikauke, na hakuna aliyeniuliza nimenunua nini. (Nilinunua, mshikaki wa pweza, na bei niliuliza baada ya kumeza. Msinicheke.) Mzee akanieleza kuwa zamani walipaita Jubilii. Kweli, bustani ilitengenezwa miaka ya 1930 kuadhimisha jubilii, na mwaka 2009 ikafunguliwa upya baada ya matengenezo ya Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Akanyoosha kidole kuelekea jumba la kale la Beit al-Ajaib, ambalo upande wake mmoja uliporomoka Desemba 2020, akanyamaza kidogo, akaagiza kahawa.

Mitaa ya ndani nayo ina baraza za mawe zilizoungana na kuta za nyumba. Mtu anajenga nyumba yake na kiti cha mpita njia humo humo! Mvua ikijaza uchochoro, unapita juu ya baraza.

Kwetu Tabata, Dar, tulikuwa na kiwanja chenye mwembe. Tulicheza chandimu, wazee wakacheza bao, mama ntilie akauza chini ya kivuli. Leo pana fremu za maduka, mwembe haupo. Posta, katikati ya jiji, ukikaa kwenye ngazi za jengo, soksi hazijapoa mlinzi keshafika: "Bosi, hapa hapakaliwi." Dar ukitaka kupumzisha miguu, nunua soda. Ikiisha, nunua nyingine.

Asubuhi nilipanda boti nikichechemea. La kulia lilikuwa limesinyaa kwa chumvi, lina michirizi myeupe kama ramani, na la kushoto bado linapwaya.