Kwenu ni wapi?

Leo mchana nimepita soko la Jubilee hapa Kisumu na binti yangu kununua omena.

Mama muuzaji, mtu mzima, akamuuliza, "Mjukuu wangu, kwenu ni wapi?"

"Migosi!"

Mama akaacha kupima. Gorogoro likabaki mkononi limeinama, omena zikidondoka moja moja juu ya gunia. "Migosi mnakaa tu. Nimekuuliza kwenu."

Mtoto akanitazama. Kazaliwa mtaani Migosi, hapa mjini, anasoma Migosi, marafiki zake wote wako huko. Nikamjibia: Alego, kule Siaya. Mama akafurahi, akatuongezea kiganja kizima.

Kwetu Waluo, ya mjini ni nyumba tu. Kwenu ni kule walikozikwa wazee. Suala hili liliwahi hata kufika mahakamani: mwaka 1987 Mahakama ya Rufaa iliamua wakili S.M. Otieno azikwe Nyalgunga, Siaya, ilhali mjane wake alitaka azikwe Matasia, Ngong, karibu na Nairobi.

Yule mama namwelewa kabisa, na Alego naipenda. Ila yale macho ya mtoto bado yananiuma.

Mnaolea watoto mjini, wenu wakiulizwa hujibu nini? Na nyinyi huwaambiaje?