Kilichomo Ndani ya Diski Ndicho Ninachokihukumu

Kila mchezo mpya wa video unapotoka, wahakiki wa Ulaya na Marekani huupima katika hali ambayo wengi wetu hapa Dar es Salaam hatuna: mashine ya kisasa, intaneti isiyohesabiwa kwa bando, na nafasi ya kungoja masasisho ya miezi ijayo. Mimi hucheza kwenye PS4 iliyotumika, yaani PlayStation 4, mashine ya michezo ya Sony, kwa diski ninazonunua Kariakoo au kubadilishana na marafiki, hucheza kwenye simu, na mara kwa mara kwenye PS5, mashine iliyoifuata, ya binamu yangu anayeishi Mbezi. Kipimo changu kwa hiyo ni kimoja: mchezo unanipa nini siku ninapoufungua, kabla sijanunua bando la kuurekebisha? Kwa kipimo hicho, miaka hii ya karibuni imetuletea michezo iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa sana, na mingi kati yake imetufikia ikiwa bado ni ahadi.

Nianze na mpira wa miguu, kwa sababu ndio unaojaza vibanda vya gemu kuanzia Manzese hadi Mbagala. Mei 2022 kampuni ya EA ilitangaza kwamba inaachana na FIFA baada ya karibu miaka 30 ya ushirikiano, ikatoa FIFA 23 kama toleo la mwisho lenye jina hilo, na Septemba 2023 ikaja na EA Sports FC 24. Jina lilibadilika na kilichomo ndani kikabaki karibu kilekile, jambo ambalo ni sifa na kasoro kwa pamoja. Sifa yenyewe ni kwamba watu wawili waliokaa kwenye benchi moja, kila mmoja na pedi yake, bado wanaweza kuchagua Real Madrid na Manchester City wakaanza kushindana baada ya dakika chache, na anayefungwa akaachia pedi kwa anayengoja. Michezo mingi mikubwa imeacha kabisa kuwahudumia watu wawili walio mbele ya runinga moja. Huu haujaacha, na ndiyo maana vibanda vinaishi. FC 24 iliongeza pia stadi maalumu za wachezaji, zile zinazoitwa PlayStyles, na zimefanya kazi vizuri, kwa kuwa sasa winga mwenye chenga na kiungo mwenye pasi ndefu unawatambua mkononi hata kabla hujasoma majina yao.

Kasoro yake kubwa ni Ultimate Team, sehemu ya mchezo ambamo unajenga timu yako kwa kadi za wachezaji. Unanunua pakiti ya kadi bila kujua ni mchezaji gani yumo ndani, unahangaika kujenga timu mwaka mzima, kisha toleo jipya linapotoka kadi zako zinabaki kwenye toleo la zamani. Ubelgiji ililitazama jambo hili kwa ukali: mwaka 2018 tume yake ya michezo ya kubahatisha ilitamka kwamba pakiti za namna hiyo zinavunja sheria ya kamari, na mapema mwaka 2019 EA ikaacha kuuza FIFA Points, sarafu ya kununulia pakiti hizo, nchini humo. Ninakubaliana na Wabelgiji bila kusita, hasa ninapowaona watoto wa shule wakijadili pakiti kwa msisimko uleule wa watu wazima wanaojadili mikeka yao. Ligi yetu nayo haimo. Mbwana Samatta tulimpata ndani ya FIFA kwa kuwa alikuwa Genk na baadaye Aston Villa, ilhali mchezaji anayeng'ara Msimbazi au Jangwani hana njia ya kuingia humo mpaka asajiliwe nje. Leseni ni biashara, hilo linaeleweka, lakini dabi ya Kariakoo ina mashabiki wengi kuliko mechi nyingi zilizomo ndani ya diski hiyo, na ninaamini siku moja kuna mtu atalitambua hilo kama fursa.

Konami, wapinzani wa EA katika michezo ya mpira, walichukua njia nyingine. Jina la PES, mchezo wao wa miaka mingi, liliachwa, na Septemba 30, 2021 ikatoka eFootball, mchezo wa bure, ikiwa na sura za wachezaji zilizoharibika kiasi kwamba kampuni ililazimika kuomba radhi hadharani. Toleo la 1.0, ambalo kwa haki ndilo lililopaswa kuwa la kwanza, lilifika Aprili 2022. Leo naicheza kwenye simu na napenda uzito wa pasi zake pamoja na namna mpira unavyojitenga na mguu wa mchezaji badala ya kunata kama umefungwa kamba. Hata hivyo inadai intaneti kila unapoifungua, kwa hiyo kijana wa Tandika aliyeishiwa bando jioni hana mchezo kabisa, hata kama simu imejaa chaji na mchezo wote umekaa kwenye kumbukumbu ya simu hiyo.

Mfano unaoniuma zaidi ni Cyberpunk 2077. Ulitoka Desemba 10, 2020 ukiwa na hitilafu nyingi mno kwenye PS4, hata Sony wakauondoa katika duka lao la mtandaoni siku chache baadaye na kuurudisha Juni 2021 tu. Wahakiki wa siku hizi wanausimulia kama kisa cha ushindi. Septemba 2023 lilikuja sasisho la 2.0 lililopanga upya stadi za mhusika, polisi wa jiji na namna ya kupigana, pamoja na nyongeza iitwayo Phantom Liberty, na mchezo ukahesabiwa miongoni mwa ile bora ya aina yake. Nimeucheza kwa binamu yangu na ninakubali kwamba ni mzuri: jiji la Night City lina vichochoro vinavyoishi, na wahusika kama Judy na Panam wameandikwa na mtu anayewajua watu, wenye ahadi wanazozivunja na machungu wasiyoyasema. Tatizo ni kwamba sasisho hilo la 2.0 na nyongeza hiyo havikuletwa kwenye PS4. Mtu aliyenunua diski ya PS4 kwa fedha halali, akiwa na mashine ileile iliyoandikwa kwenye kasha, hakupata kamwe mchezo unaosifiwa leo, na sifa za mwaka 2023 hazimhusu. Tunapohukumu mchezo huu tukiwa katika jiji ambalo PS4 bado ndiyo mashine ya watu wengi, hatuna sababu ya kutumia hukumu iliyoandikwa kwa ajili ya mashine nyingine.

Elden Ring wa FromSoftware, uliotoka Februari 2022, ulinionyesha kwamba mambo yangeweza kwenda vinginevyo. Unachezeka kwenye PS4, na tangu mwanzo ulikuwa mzima. Uzuri wake mkubwa uko katika namna unavyokuachia upotee. Katika nchi ya Limgrave kuna nuru ya dhahabu inayoelekeza upande wa kwenda, lakini hakuna orodha ya kazi inayokuandama pembeni ya kioo, na ukishindwa na Margit, bosi (adui mkubwa) wa mapema, katika njia ya kuelekea ngome ya Stormveil, huna haja ya kuendelea kugonga kichwa pale pale: unaweza kugeuka, ukaenda kusini hadi Weeping Peninsula, ukakusanya nguvu na silaha, ukarudi ukiwa mtu mwingine. Ugumu wake kwa hiyo una milango mingi, na kila mlango una kitu cha kuona. Naupenda pia kwa jambo dogo ambalo wahakiki wa nje hawalitaji: unajihifadhi wenyewe mara kwa mara, hivyo umeme unapokatika unapoteza hatua chache tu.

Kasoro zake nazo zipo, na mashabiki wenzangu huzikwepa. Mapango na makaburi ya chini ya ardhi yanajirudia. Bosi uliyemshinda kwa jasho mahali fulani anakutokea tena mahali pengine, safari hii wawili kwa pamoja, na ile heshima aliyokuwa nayo inayeyuka. Eneo la milima ya theluji la karibu na mwisho ni kubwa kuliko vitu vilivyomo ndani yake, na maadui wake wana nguvu zilizoongezwa bila wao kuongezewa tabia mpya. Kisha mchezo huu hauna kitufe cha kawaida cha kuusimamisha. Katika nyumba zetu, mama akiita au mgeni akibisha hodi, unainuka, na kumwambia mkubwa asubiri ni utovu wa adabu. Mchezo usiojua kusimama kwa sekunde thelathini umebuniwa kwa ajili ya mtu anayeishi peke yake. Hilo halihusiani na ugumu, na waliotaka kulitetea kwa hoja ya ugumu hawajanishawishi.

Clair Obscur: Expedition 33, uliotolewa Aprili 2025 na studio ndogo ya Sandfall kutoka Montpellier, Ufaransa, ndio niliousifu zaidi kwa hadithi. Kila mwaka kiumbe anayeitwa Paintress huandika namba, na watu wote wenye umri huo hutoweka. Namba hupungua mwaka hadi mwaka, na kikosi kinatumwa kwenda kumzuia. Mapigano ni ya kupokezana zamu, lakini adui anaposhambulia unapaswa kukwepa au kukinga kwa wakati sahihi, jambo linalomfanya mchezaji awe macho hata katika zamu isiyo yake. Dakika za mwanzo, ambapo watu wa mji wanaagana huku wakijua saa ya kuondoka kwao, zimetengenezwa kwa utulivu ambao sijauona katika mchezo mwingine wa miaka hii. Nina lawama moja kubwa: ndani ya maeneo ya mapambano hakuna ramani, na njia nyingi zinafanana, kwa hiyo unaweza kujikuta unarudi ulikotoka huku ukidhani unasonga mbele. Nao haupo kwenye PS4.

Kwa mwenye simu tu, Balatro ndio ninaompendekezea kwanza. Ulitengenezwa na mtu mmoja anayejiita LocalThunk, ukatoka mwaka 2024, nao unachukua karata za poka na kuziongezea jokeri 150, kila moja ikiwa na sheria yake. Hesabu yake ni ya kuzidisha: jozi ya kawaida huanza na alama 10 mara 2, na kazi yako ni kutafuta jokeri zinazokuza pande zote mbili mpaka mkono huohuo dhaifu ulete maelfu. Waliozoea arubastini watachelewa kidogo kuzijua safu za poka, na katika viwango vya juu bahati ya mwanzoni inaamua mambo mengi kuliko inavyostahili. Lakini hauhitaji intaneti, hauuzi pakiti kwa fedha halisi, na kwenye kompyuta unaomba nafasi ya MB 150, wakati Baldur's Gate 3, mchezo bora sana wa Larian, unaomba GB 150. Kwa bei za bando tunazozijua, tofauti hiyo ni sehemu ya uhakiki.

Yapo pia mambo yasiyohusu ubora wa mchezo wenyewe, ila yanaamua nani aucheze. Mei 2024, Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2, mchezo wa kupigana kwa kikundi mtandaoni, kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PlayStation Network, huduma ya mtandao ya Sony, mchezo uliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambazo huduma hiyo haitolewi rasmi, Tanzania ikiwemo. Malalamiko yalikuwa makali hata Sony wakaliacha sharti hilo. Mchezo ule ni wa kufurahisha sana ukiwa na wenzako watatu, lakini baada ya tukio lile siwezi kuupendekeza bila kumwonya mnunuzi wa hapa kwamba mlango ulishawahi kufungwa.

Nimeuacha mwisho Tales of Kenzera: Zau wa Aprili 2024, kwa kuwa ndio unaonigusa zaidi. Umetengenezwa na Surgent Studios, studio ya mwigizaji Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kufiwa na baba yake, na mchapishaji wake ni EA haohao wa pakiti za mpira. Zau, mganga kijana, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: atamletea roho tatu kubwa, naye arudishiwe baba yake. Ana kinyago cha jua kwa mapigano ya karibu na cha mwezi kwa mashambulizi ya mbali, na kubadili kimoja kwenda kingine ni papo kwa papo, kiasi kwamba mapigano mazuri yanageuka kuwa ngoma yenye mapigo yake. Zau huketi chini ya mbuyu, akazungumza na Kalunga juu ya msiba, na uhai wake ukaongezeka. Watengenezaji wengi wangeweka pale dawa ya kuokota njiani. Hawa wameweka mazungumzo ya mfiwa, na yeyote aliyewahi kukaa matangani atatambua ukweli wa jambo hilo. Unaweza pia kuchagua wahusika wazungumze Kiswahili, na kusikia mtu akimwomboleza baba yake kwa lugha ya nyumbani kwetu kulinifanya niweke pedi chini kwa muda.

Aina za maadui ni chache, na baada ya saa kadhaa unakuwa umeshayajua mapigano yote. Ni mfupi, ingawa ufupi huo siulaumu, kwa kuwa ulitufikia mzima na unaishia pale hadithi inapoishia. Ninachowalaumu kwa dhati waliouchapisha ni kwamba waliuleta kwenye PS5, Xbox mpya, Switch na kompyuta, wakaiacha PS4, mashine ambayo ungeikuta katika vibanda vingi vya jiji hili linalozungumza lugha hiyohiyo ya Zau. Mchezo wa ukubwa na muundo ule, unaotazamwa kutoka ubavuni na usio na jiji kubwa la kubeba, naona ungestahili kutengenezewa toleo la PS4, na hata leo likitoka nitakuwa wa kwanza kulitafuta Kariakoo.