Korosho mbichi, vanishi ya Kijapani na vidonge vitamu

Mkorosho, mwembe na ule mti wa Japani, China na Korea unaogemwa utomvu wa kutengenezea vanishi ya asili ni wa ukoo mmoja, na katika ukoo huo umo pia mmea wa kutambaa wa Amerika Kaskazini ambao majani yake huacha malengelenge mwilini. Kinachodhuru ni urushioli, au mafuta yanayokaribiana nayo sana, ambayo hupenya ngozini kwa muda wa dakika chache. Mtu mwenye mzio huanza kuwashwa saa kadhaa hadi siku mbili baadaye, pale kinga ya mwili inapoishambulia ngozi iliyoguswa. Vanishi hiyo ikikauka kabisa ni nadra kudhuru. Anayeumia ni fundi anayeipaka ikiwa mbichi.

Shemeji yangu wa Kayole aliletewa korosho zenye maganda kutoka Kilifi, akazipasua kwa kisu bila kuzichoma kwanza. Mafuta meusi ya ganda yalimwingia katikati ya vidole, na hapo ndipo malengelenge yalipojipanga, madogo na yenye maji, hadi akashindwa kukunja ngumi. Jirani akampa vidonge vya homiopathi viitwavyo Rhus tox 30C.

Vidonge hivyo hutokana na mmea uleule wa Amerika, kwa kufuata kanuni aliyoitangaza daktari Mjerumani Samuel Hahnemann mwaka 1796, kwamba kinachomletea mzima dalili fulani humponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Dawa huchanganywa sehemu moja kwa 99 za maji au pombe, kisha sehemu moja ya mchanganyiko huo huchanganywa tena hivyo hivyo, hadi zitimie mara 30, na ndiyo maana ya 30C. Ukipiga hesabu, kuanzia mara ya 12 hivi ni vigumu kutarajia hata molekuli moja ya mmea ibaki, kwa hiyo mgonjwa anamumunya sukari ya kidonge tu. Baraza la utafiti wa afya la Australia lilipopitia ushahidi mwaka 2015 halikupata ugonjwa wowote ambao homiopathi imethibitika kwa uhakika kuutibu.

“Haya shemeji, wewe bisha tu, mkono wangu umepona,” aliniambia. Umepona kweli, lakini vipele vya aina hii kwa kawaida huisha vyenyewe kati ya wiki moja na tatu, na vidonge huanza kumezwa wakati hali imefikia kilele, kwa hiyo sifa huviendea vyenyewe. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni dawa za jina hilohilo zisizopunguzwa sana, kwa kuwa hizo zina mmea wenyewe.

Kinachosaidia ni kuosha mara moja kwa sabuni na maji mengi, pamoja na kucha, kisu na nguo, kwa maana maji ya malengelenge hayaambukizi bali mafuta yaliyosalia kwenye vitu ndiyo yanayoeneza. Kitambaa cha maji baridi hutuliza mwasho, na krimu ya steroidi hupunguza uvimbe, ila usiazime ile kali ambayo watu mjini hujichubulia. Uso ukivimba, macho yakifunga au pumzi ikibana, nenda hospitalini siku hiyohiyo. Mafundi wa mbao wanaokata mukima (grevilea) nao wavae glavu na mikono mirefu, kwani mti huo una mafuta yanayoweza kuleta mzio kama huu.