Maji yanayoondoka bila kuaga

Kuna uvujaji wa adabu na kuna uvujaji wa inda. Ule wa adabu, unateremka garini, unaona dimbwi, unainama, unaona mpira umepasuka, unanunua mwingine, yamekwisha. Wa inda ndio huu ulionikalia tangu kusi ianze kuvuma. Chini pakavu. Injini kavu. Hakuna mvuke wala harufu. Lakini kila asubuhi nikifunua injini na kuitazama chupa ya akiba, maji yako chini ya mstari niliouchora jana yake kwa kalamu ya wino mzito. Si mengi, ni kadiri ya kikombe kimoja cha kahawa chungu, kile kidogo kisicho na mkono. Lakini hayo maji lazima yanakwenda mahali.

Gari lenyewe ni Toyota MR2 la 1994, la umbo la pili, lile lililotoka Japani 1989 na kuendelea kuundwa mpaka 1999. Watoto wa Maweni huliita Ferrari, nami sijaona sababu ya kuwasahihisha. Mama yangu huliita gari la watu wawili wasio na jamaa, kwa sababu kila kukiwa na harusi Mambrui hana pa kupakia mashangazi. Injini imekaa nyuma ya viti, rejeta iko mbele puani. Katikati yake kuna mabomba mawili marefu ya chuma yanayopita chini ya tumbo la gari, moja linapeleka maji ya moto mbele, jingine linayarudisha yakiwa yamepoa. Mfumo mzima unameza zaidi ya lita 10. Hesabu mipira, klipu na viungo vyote vilivyo njiani. Kwenye gari la kawaida unatafuta kitu kilichopotea chumbani. Kwenye hili unakitafuta mtaa mzima.

Na mtaa mzima ulikuwa na jibu. Dereva wa tuktuk, muuza spea, ami yangu ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki, wote walisema neno moja: gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na silinda zake. "Liuze mapema, mwanangu, kabla halijakufia mkononi." Sikuwapuuza, maana gasketi ya hedi ikitoboka maji huingia ndani ya silinda, yakatoka kwenye ekzosi kama moshi mweupe bila kudondosha hata tone. Ndiyo maana nilitaka shaka hiyo iondoke kwanza. Kuna kifaa chake: bomba la kioo lenye dawa ya buluu, unalisimamisha kwenye mdomo wa kujazia maji, na hewa inayotoka kwenye maji inapita katikati ya dawa. Kama ndani yake mna gesi ya mwako, buluu hugeuka manjano. Tuliiacha injini ingurume mpaka feni ikaanza kuzunguka. Buluu ikabaki buluu. Ami akasema kifaa ni kibovu.

Niliposema "tuliiacha", mwenzangu ni fundi mmoja wa Barani, mzee wa makamo ya baba yangu, aliyejifunza kazi kwenye magari ya Waitaliano. Malindi na Waitaliano wana historia ndefu. Kituo chao cha kurushia roketi, San Marco, kiko hapo Ngomeni tu, na setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lake la baharini mwaka 1967. Wengine walikuja kwa sababu ya roketi, wengi zaidi kwa sababu ya hoteli na bahari, na magari yao yalihitaji mtu. Mpaka leo akikutana na nati iliyoshikwa na kutu, mzee huyu huinong'oneza "piano, piano", yaani polepole, huku anaitia mafuta, na sijui kwa nini, hufunguka.

Ana mambo mawili asiyotaka kuyasikia. La kwanza ni yai. Wapo wanaovunja yai ndani ya rejeta, na wapo wanaomwaga pilipili manga, ili vizibe tundu. Vinaziba kweli. Vinaziba tundu, kisha vinaziba na vile vijinjia vyembamba vya rejeta, na baada ya hapo gari linachemka bila kuvuja. La pili ni kutoa thamostati, ile valvu inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikishapata joto. Hii ni desturi ya gereji nyingi za Pwani: gari likichemka, thamostati inang'olewa na kutupwa, kwa hoja kwamba huku kwetu ni joto, haina kazi. Kazi inayo. Yangu hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na mpaka hapo huizuia injini isikae baridi, kwa sababu injini inayokimbia baridi hula petroli na kuchafua oili. Lakini mimi nina sababu yangu nyingine ya kuichukia desturi hii. Ukiitoa thamostati, maji hayapandi joto sawasawa, presha haijengeki, na uvujaji unajificha. Unajiona umepona, kumbe umeufukia.

Presha ndiyo siri ya jambo lote hili. Kifuniko cha mfumo wangu hushikilia karibu pauni 13 kwa kila inchi ya mraba kabla ya kuachia. Chini ya presha hiyo hata maji matupu hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 118. Sasa fikiria tundu dogo kuliko ncha ya sindano, maji ya moto yanasukumwa kupitia hapo, yanatoka kama ukungu, yanagusa chuma cha moto, yanakauka hapo hapo. Utaona nini? Labda kijidoa cha unga wa rangi ya kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Upande wa pili, kuna mipira inayovuja ikipoa tu: usiku mpira unajikunja, klipu inalegea, inadondosha kidogo kabla ya alfajiri, na ukiwasha injini kila kitu kinakaza tena. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza si maji yanatoka wapi. Ni yanatoka saa ngapi.

Tulianza na saa za baridi. Nikatandika katoni chini ya gari zima kila usiku, na kila alfajiri baada ya sala nikazichungulia kwa tochi. Hapa naweka neno kwa wenye paka, maana Malindi nani hana paka: kulanti ina utamu, na paka au mbwa akiiramba inaweza kumuua. Ukitega katoni, zitazame mapema, na zikilowa ziondoe. Zangu hazikulowa.

Tukahamia pampu ya maji. Chini ya mhimili wake pana tundu dogo lililowekwa makusudi na waundaji, ili sili ya ndani ikichoka maji yatokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Mzee aliingiza kioo kidogo, akanionyesha mstari wa unga mwekundu ulioganda chini ya tundu. Pampu ilikuwa inavuja, hilo halina ubishi, na sababu tuliiona tulipoifungua: ukuta wa ndani umevaa gamba jeupe. Aliyelimiliki gari kabla yangu alikuwa anajaza maji ya kisima. Visima vyetu vimechimbwa kwenye matumbawe, maji yake yana chokaa na magadi, na mengine yana chumvi ya kuonja kabisa. Ukiyachemsha kila siku ndani ya injini yanajenga gamba, na gamba linaisaga sili. Mimi hutia kulanti nusu na maji ya betri nusu, yale safi yasiyo na tindikali. Watu huniuliza kulanti ya nini mahali ambapo maji hayajawahi kuganda tangu dunia iumbwe. Kuganda si hoja yangu. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na inafanya maji yachelewe kuchemka.

Pampu mpya ikafungwa. Maji yaliyokuwa yanapotea yakapungua, lakini hayakuacha.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi, kwa sababu ukishapata mwizi mmoja unataka awe yeye peke yake. Mzee akaleta pampu yenye geji, akaifunga mdomoni, injini ikiwa baridi, akasukuma mpaka pauni 13. Mshale ukaanza kushuka. Polepole sana, lakini ukashuka, na sisi wawili tumelala chali chini ya gari hatuoni tone. Nikakunja zulia upande wa abiria nikapapasa chini ya hita, maana hita ikitoboka hulowesha hapo na kuacha harufu tamu ndani ya gari. Palikuwa na mchanga wa Silversands, na peremende moja.

Tukatia rangi. Ni kichupa kidogo, unachanganya na maji ya mfumo, na ukimulika kwa taa ya buluu rangi inang'aa manjano-kijani popote ilipotokea. Nikaendesha mpaka Mambrui, nikavuka daraja la Sabaki kwenda na kurudi, nikalikimbiza kidogo pale barabara inaponyooka. Usiku tukaliingiza kwenye banda la makuti. Stima ilikuwa imekatika, na kwa mara ya kwanza niliishukuru, kwa sababu giza lilikuwa kamili. Mzee akawasha taa yake chini ya injini.

Lo! Kila mahali pameng'aa. Sehemu ya chini ya giaboksi, mkono wa gurudumu la nyuma, kingo za ekzosi, vinyunyizo kama kwamba mtu amechovya ufagio akapiga. Mimi nikasema ni mpira wa nyuma ya injini, ule usiofikika bila kufungua nusu ya gari, na nikaanza kuhesabu pesa. Mzee hakujibu. Alikuwa anaangalia umbo la matone. Yalikuwa na mikia, na mikia yote imelala kuelekea nyuma. "Haya hayajatoka hapa," akasema. "Haya yameletwa na upepo." Akaanza kujiburuta kwenda mbele, mgongo kwenye mkeka, taa mkononi, akiufuata mstari mwembamba uliofifia na kukatika na kutokea tena, mpaka katikati ya tumbo la gari, usawa wa viti. Hapo pana kinga ya plastiki. Akafungua skrubu zake, na kinga ilipoteremka ikamwagika mchanga mkavu, mchanga wa miaka, na ndani ya mchanga mkapepesa mabonge madogo ya manjano-kijani.

Basi ndiyo hayo maji yangu. Gari likisimama, tundu linatoa kidogo sana, na mchanga unayanywa yote kabla hayajafika kwenye katoni. Gari likikimbia na presha ikipanda, yanapenyeza kando ya kinga na upepo unayabeba mpaka kwenye giaboksi. Tundu lenyewe lilikuwa chini ya kishikizo kinacholibana bomba la kurudisha maji, ambapo waundaji walizungushia kipande cha mpira ili chuma kisigongane na chuma. Mzee alipolegeza nati mpira ukatoka na maganda ya kutu, na chini yake chuma kimelika, kimeota vishimo, na katika kimoja kuna unyevu unaojikusanya, unafutwa, unajikusanya tena. Nilikitazama kwa muda. Kidole changu cha shahada kingeweza kufunika uozo wote.

Ndani bomba lilikuwa zima. Limeliwa kutoka nje. Gari hili limeishi miaka mingi kando ya bahari huko Casuarina, na kusi haileti upepo mtupu. Huleta chumvi, ikaushika mpira, mpira ukaushika mchanga, na unyevu haukupata pa kukaukia. Gari lile lile lingeishi Nakuru, bomba hilo lingekuwa salama.

Kuhusu tiba, mimi na mzee hatukukubaliana. Yeye alitaka kukata shubiri moja ya pale palipooza na kuunga kwa mpira wa kuhimili joto na klipu nne. Kazi ya asubuhi moja, bei nafuu, na nimeona viungo vyake vinavyodumu. Mimi nilitaka bomba zima jipya, kwa sababu kiungo cha tumboni sitakiona tena mpaka kiniaibishe barabarani usiku. Gari ni langu, nikashinda, ingawa alikubali shingo upande. Bomba la chuma kisichoshika kutu likapindwa Mombasa kwa kufuata lile la zamani, na nikasisitiza ncha zake zivimbishwe kidogo, ili mpira usiteleze presha ikipanda.

Kujaza upya ni kazi ya subira. Hewa ikibaki katikati ya mabomba hayo marefu, geji inaweza kudanganya. Mbele pana valvu mbili za kutolea hewa, moja kwenye rejeta na nyingine kwenye njia ya hita. Kila moja tuliichomekea mpira mwembamba unaopitisha mwanga, tukaifunga juu kwa kamba kwenye boriti ya banda, nami nikamimina kwa nyuma huku mzee akiangalia mbele. Maji mekundu yakapanda ndani ya mpira, yakasimama, yakapiga povu, yakashuka, yakapanda tena. Zikapita dakika nyingi bila neno. Kisha akasema, "Funga."

Jana nikalipeleka Mtwapa, kilomita 100 hivi, makusudi wakati wa msongamano wa jioni, jua bado kali, matatu zimenizunguka pande zote. Feni ikawaka, ikazima, ikawaka. Mshale wa joto haukuondoka mahali pake. Leo asubuhi maji yamelala juu ya mstari wa kalamu.

Bomba la pili, lile linalopeleka mbele, lina kishikizo hicho hicho na mpira huo huo. Jumamosi tunaliteremsha. Mzee ameshaniambia nije na brashi yangu ya waya, yake ameiazima mtu na haijarudi.