Maji kwanza, samaki baadaye

Jumapili, alasiri

Jana nilipita kwenye duka la samaki wa mapambo kununua mpira wa pampu ya hewa. Kwenye rafu walikuwa wamepanga beta, wale samaki wadogo wa rangi wenye mapezi marefu, kila mmoja kwenye kikombe chake cha plastiki. Wengine walikuwa wamelala chini kabisa, mapezi yamejikunja. Muuzaji, kijana mpole tu, akamwambia mteja aliyekuwa mbele yangu kwamba hawa hawahitaji tangi, kikombe kinawatosha kwa sababu wanavuta hewa ya juu. Nimekaa na maneno hayo tangu jana na yananiuma, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Ni kweli beta anavuta hewa. Juu ya matamvua yake kuna kiungo cha ziada chenye mikunjo mingi iliyojaa mishipa midogo ya damu, wataalamu wanakiita labirinthi. Anapanda juu ya maji, anameza hewa, anashuka. Ukimzuia kufika juu, atakufa hata kama maji yana oksijeni ya kutosha. Mungu alimpa kiungo hicho kwa sababu ya kwao: mabwawa na mashamba ya mpunga ya Thailand, kwenye bonde la mto Chao Phraya, ambako maji ni ya moto, yametulia na yana oksijeni kidogo. Maji hayo huwa na kina kifupi, lakini yanaenda mbali. Kuna majani ya kujificha, wadudu wa kuwinda na nafasi ya kumkimbia dume mwenzake. Watu wa huko wamemfuga kwa vizazi vingi, na mwaka 2019 serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Samaki wa taifa zima, sisi tunamuuza kwenye kikombe cha juisi.

Kikombe kinampa hewa, hilo sikatai. Lakini samaki hutoa amonia, taka ya mwili wake yenye sumu, mchana na usiku, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua yake, na kwenye kikombe amonia hiyo haina pa kwenda. Inamuunguza taratibu. Kwetu huku pwani hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kadiri maji yanavyokuwa ya moto na yenye alkali ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu, na maji ya huku huwa ya moto. Beta anavumilia kwa sababu ameumbwa kuvumilia. Wiki zinapita, mapezi yanaanza kuoza pembeni, rangi inafifia, halafu mwenye samaki anasema, "Hawa huwa hawaishi sana." Wanaishi! Akitunzwa vizuri, miaka miwili hadi minne ni kitu cha kawaida.

Kwa hiyo leo naandika jinsi nilivyomwekea wangu makazi, maana kuna watu wameniuliza na kila mara naishia kueleza nusu.

Tangi nilitengenezewa na fundi wa vioo na alumini. Alitaka kulifanya refu la kwenda juu. "Dada, likisimama hivi linapendeza sebuleni." Nikamwambia, fundi, huyu samaki anapanda juu kuvuta hewa kutwa nzima na amebeba mapezi mazito, nifanyie pana. Tukakubaliana sentimita 45 kwa urefu, 25 kwa upana, 25 kwa kimo, kioo cha milimita 5. Ukiacha nafasi ya sentimita nne juu, unabaki na maji ya lita 23 na ushee. Kwangu lita 20 ndiyo mwisho wa kushuka. Tangi likiwa dogo zaidi ya hapo, uchafu kidogo tu unayachafua maji yote na joto linapanda na kushuka haraka mno. Na meza iwe imara: maji peke yake yana zaidi ya kilo 23, hujaweka kioo na mchanga.

Silikoni ndiyo ya kusimamia kwa macho yako. Nyingi zinazouzwa kwa ajili ya bafu zina dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo huua samaki pia. Soma tyubu kabla fundi hajaifungua. Ile ya kawaida ikiwa mbichi hunuka siki. Niliacha tangi kivulini mpaka harufu hiyo ikaisha kabisa, nikalijaza maji uani juu ya magazeti, nikaangalia asubuhi kama gazeti limelowa. Lilikuwa kavu.

Mchanga nilichukua wa mto. Wa ufukweni una vipande vya makombe na matumbawe vinavyoongeza ugumu wa maji. Kuupima ni rahisi: dondoshea siki, ukiona mapovu, uache. Nikauosha mpaka maji ya ndoo yakatoka meupe. Mapambo niliyajaribu kwa soksi ya nailoni, nikiipitisha juu ya kila jiwe na kila kipande cha gogo, maana kinachonasa soksi kitachana mapezi. Mmea nilioupenda ni anubiasi, ambao asili yake ni huku huku Afrika, upande wa Kameruni na Gaboni. Hauhitaji mwanga mkali. Unaufunga kwa uzi kwenye jiwe, shina lake tambazi usilifukie mchangani litaoza. Jani moja limekua karibu na uso wa maji, na samaki wangu amelifanya kitanda: analala juu yake ubavu ubavu, mtu asiyemjua atadhani amekufa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Tangi likishajaa maji safi, halijawa tayari kwa samaki. Linatakiwa kukaa wiki nne hadi sita likiwa na chujio linalofanya kazi, bila samaki, mpaka bakteria wajijenge. Kuna bakteria wanaobadilisha amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaobadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kama haijazidi. Wanaishi kwenye sponji ya chujio, kwenye mchanga, kwenye kioo. Ili wapate chakula unatupia punje mbili tatu za chakula cha samaki zikaoze, unapima maji kwa vile vichupa vya matone yanayobadilika rangi. Amonia inapanda, inashuka. Nitriti inapanda, nayo inashuka. Siku ambayo amonia na nitriti zinasoma sifuri na nitrati imeanza kuonekana, hapo ndipo unaenda dukani kununua samaki. Kipindi kile nilikipenda kuliko nilivyotarajia. Kila jioni naangalia rangi ya matone kwenye mwanga wa dirisha, wageni wanashangaa tangi lina mchanga na maji tu.

Chujio langu ni la sponji, linasukumwa na pampu ndogo ya hewa. Mashine kubwa zinatengeneza mkondo, na beta mwenye mapezi marefu hawezi kupambana na mkondo. Mapezi yale ni kazi ya wafugaji, wa porini ana mafupi. Sponji ikijaa uchafu naikamua ndani ya ndoo ya maji niliyoyatoa tangini. Chini ya bomba hapana, klorini, dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba, itawaua bakteria na huenda ukaanza upya.

Kila Jumapili natoa robo ya maji, kama leo, nikivuta uchafu wa mchangani kwa mpira. Maji mapya yanakuwa yamekaa kwenye ndoo wazi tangu jana yake, ili klorini itoke na joto lilingane. Kama mtaani kwenu maji yanatiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kulaza hakusaidii, nunua dawa ya kutibu maji. Wanaotumia kisima hawana shida ya klorini ila wana chumvi na ugumu. Mimi masika huwa nakinga mvua na kuihifadhi, nachanganya na ya kisima. Mvua tupu haina madini, na tindikali yake huyumba ovyo.

Halafu kuna mkungu. Mkungu huu huu wa uani, ambao watoto wanapasua kungu zake kwa mawe! Wafugaji wa beta huko Asia wanayathamini majani yake makavu, na watu wa Ulaya wanayanunua kwa pesa yakiwa kwenye pakiti, wakati sisi tunayafagia na kuyachoma. Okota yaliyodondoka yenyewe, yaliyokwishakuwa mekundu au kahawia, mbali na barabara na mahali panaponyunyiziwa dawa. Suuza, anika mpaka liwe linavunjika mkononi, weka moja. Kwa siku mbili tatu maji yanageuka rangi ya chai ya rangi. Jani linatoa tanini, ndiyo inayoleta rangi hiyo, linashusha alkali kidogo na kuzuia baadhi ya ukungu na bakteria. Ila lisichukuliwe kuwa dawa ya tangi chafu. Nimeweka moja leo, na ninapoandika limeanza kuzama upande mmoja, mstari mwembamba wa kahawia unashuka kutoka kwenye kikonyo chake.

Kuhusu joto, sisi wa pwani tuna bahati. Beta anataka nyuzi 24 hadi 28, na nyumba zetu zinakaa humo sehemu kubwa ya mwaka. Mwezi wa saba usiku angalia kipimajoto. Mwezi wa pili liweke mbali na dirisha la jua. Walioko Arusha, Mbeya au Nairobi wanunue hita wasibishane. Mfuniko ni lazima kwa wote, kwa sababu beta huruka. Mimi nimetumia neti ya dirisha kwenye fremu ya alumini, na juu yake kioo kisichofunika pote ili hewa ipite.

Chakula: punje chache asubuhi, chache jioni, siku moja kwa wiki hapati kitu. Ni mla wadudu, mikate na wali vitamwumiza. Akiona kiluwiluwi cha mbu anabadilika kabisa, mwili unapinda, anatulia, halafu anafyatuka. Lakini kuvuna viluwiluwi kunataka nidhamu. Dar tulipigwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, kwa hiyo ndoo ya viluwiluwi siiachi ikomae. Ninachochota ndicho anachokula, kinachobaki namwaga juani siku hiyo hiyo.

Jambo moja la kuwaondolea watu wasiwasi, au kuwaondolea faraja. Dume akijenga povu juu ya maji, wauzaji husema ana furaha. Povu ni kiota cha mayai. Linaonyesha amekomaa na anataka jike, basi. Nimeona dume akijenga povu kwenye kikombe kile kile chenye maji machafu. Usilitumie kuwa ushahidi kwamba maji ni mazuri. Pima.

Na ukichoka kufuga, mtafutie mtu. Usimpeleke mtoni wala bwawani. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na tunajua samaki wangapi wa asili wa ziwa lile hatuwaoni tena.

Mchana alikuja mtoto wa kaka yangu. Amekusanya hela, anataka beta wake, tena dume, na wazo lake lilikuwa amweke kwenye tangi langu, kona ya pili. "Shangazi, tutawatenganisha na majani." Nikamwonyesha kioo kidogo cha kujitazamia, sekunde chache tu: samaki akatanua mapezi yote, vifuniko vya matamvua vikafunguka, akakivamia kioo. Mtoto akarudi nyuma hatua moja. Basi tumekubaliana. Hela zake zinaanzia kwa fundi wa vioo. Nitamkatia nusu ya sponji yangu iliyojaa bakteria ili asisubiri muda mrefu, na matone ya kupimia tutatumia yangu. Akaniuliza kama tunaweza kwenda kumchagua samaki kesho, akae dukani akimsubiri. Nimemwambia hapana, tutaenda siku ambayo amonia na nitriti kwenye tangi lake zitasoma sifuri, na atakayezisoma ni yeye mwenyewe.