Kajiwe keupe

Jana jioni mwanangu kachora kioo cha simu yangu kwa kajiwe keupe alikokaokota kwenye tripu ya mchanga iliyomwagwa kwa jirani, mstari mrefu kama wa wembe, halafu ananiuliza kwa furaha kabisa, "Baba, hii ni almasi eeh?" Nikashindwa hata kugomba, maana fimbo za kosa hilohilo mimi nilishazila.

1994 hiyo, darasa la 4. Mtoto wa Kishapu alikuwa hapiti korongoni bila kuangalia chini, tumekuzwa na habari za Williamson, yule Mkanada aliyegundua almasi Mwadui, hapohapo kwetu Shinyanga, mwaka 1940. Nikaokota langu, saizi ya punje ya harage, limelainishwa na maji, ukiliinua juani mwanga unapita. Kipimo tulichokijua sisi kilikuwa kimoja tu, almasi inakata kioo. Basi nikalipitisha kwenye kabati la vyombo la mama. Kriii. Likachora!

Kipigo nilikipokea kama mtu ambaye keshatajirika.

Kesho yake baba (ambaye alijifanya haamini ila kavaa shati la kanisani) akanipeleka Maganzo kwa mzee mmoja dalali. Yule mzee hakutoa lenzi wala nini. Kalifuta kwenye suruali, kalisogeza mdomoni, akalipulizia haaa kama unavyopulizia miwani, akatuonyesha. Jiwe limefunikwa na ukungu. Tukawa tunautazama ule ukungu, mimi namwomba Mungu uondoke, nao umetulia tu, unakauka taratibu kuanzia pembeni. "Almasi mvuke haukai, ukipuliza umeshapotea. Hii ni kwatzi, ng'wanawane. Kioo inakata ndiyo, kwani kioo si mchanga ulioyeyushwa, na huo mchanga mwingi ni hii hii imesagika. Ila kikishatoka motoni kinakuwa laini kuliko mama yake."

Akatupa na lingine jeupe kama maziwa, bure, akasema kayasugueni gizani.

Njiani baba hakusema neno. Usiku akaja mwenyewe na blanketi, tukajifunika, nikasugua: mwanga hafifu wa njano ukawaka ndani ya mawe ukazimika, na harufu ya kitu kinaungua. Kimya. Halafu baba akasema, sugua tena.

Huyu wa kwangu kalala na kajiwe chini ya mto. Nimekachomoa nikakapulizia, ukungu umekaa. Sijui nimwambie asubuhi, au kwanza nikakatafutie kenzake.