Kimashine chetu sokoni Kibaigwa

Juzi tulifungua gunia la mahindi lililotoka Kongwa, vumbi lake likajaa jiko zima. Mwanangu akaokota punje, akaitia mdomoni, akaivunja kwa jino la nyuma. Nikamuuliza kafundishwa na nani.

"Bibi. Anasema ndiyo unajua kama yamekauka. Kwani hamna mashine ya kujua?"

Mashine ipo, mwanangu. Na mama yako aliwahi kutumwa kuiangalia kama ina soko.

Nilikuwa ofisi ya ubunifu ya chuo, ile inayoangalia kama uvumbuzi unaoletwa una soko. Ulikuwa msimu wa mavuno wa mwaka 2021. Mwezi Machi Kenya walikuwa wamezuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu wa nafaka, na ingawa zuio liliondolewa baada ya siku chache kwa masharti, kila mwenye wazo linalogusa mahindi alianza kutugongea mlango. Sisi wa Dodoma hatukuhitaji Kenya watukumbushe. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo hiyo huku kwetu, Chemba na Kondoa wanajua.

Kati ya vyote vilivyoletwa, kimoja nilikipenda. Kilikuwa cha kijana wa mwaka wa mwisho ambaye sote tulimwita Mhandisi, mwanzoni kwa utani. Kasha jeusi la plastiki, juu kuna mdomo wa kumiminia punje, mbele kioo kidogo cha namba. Ndani kuna sahani mbili za chuma na umeme kidogo. Punje zikiwa na maji mengi, namba inapanda. Alikuwa ameshakilinganisha na oveni ya maabara: unapima mahindi, unayakausha, unayapima tena, uzito uliopotea ndiyo maji. Namba zake zilikuwa nzuri.

Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu. Sehemu ya kwanza inauliza uvumbuzi umefika ngazi gani kati ya zile ngazi tisa za NASA, shirika la anga la Marekani. Tukakipa ya nne: kimefanya kazi maabara. Sehemu ya pili inauliza ukubwa wa soko, na hapo ndipo watu wenye shahada zao wanapogeuka wapiga ramli. Unachukua kaya zote zinazolima mahindi, unazidisha kwa bei ya kifaa, halafu unasema kwa unyenyekevu, "tukipata asilimia moja tu." Nimeusoma huo unyenyekevu kwenye maandiko mengi. Sijawahi kukutana na hiyo asilimia moja imekaa mahali. Kwenye washindani, msimamizi wake alikuwa ameorodhesha mashine za kutoka nje, kila moja na bei yake.

Nikasema twende Kibaigwa.

Soko la Kibaigwa wakati wa mavuno huna haja ya kuelekezwa. Foleni ya Fuso inakuelekeza. Tukasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", kwa lafudhi zetu za mjini, tukachekwa, tukaelekezwa kwa mama mmoja mnunuzi aliyekaa juu ya gunia, kitenge kimekazwa kiunoni, mkononi ameshika bambo, kile chuma cha kuchomea gunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnanunua?"

"Hapana mama, tunapima."

"Wakala wa Vipimo?"

"Hapana, chuo."

Akatuangalia kama watu waliopotea njia. Mhandisi akaeleza. Mama akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, halafu akachoma gunia la kwanza, akatoa punje kiganjani, akatupa moja mdomoni. Haikulia. "Bichi," akasema. Mhandisi akamimina zilizobaki kwenye kimashine, tukasubiri namba. 16.1. Mama akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu maji kwenye mahindi ya kuweka ghalani yanatakiwa yasizidi asilimia 13.5 hivi. Gunia la pili, punje ikalia ka! "Kavu." Kimashine: 12.9.

"Sasa mwanangu," mama akasema, "hiki kinajua nini ambacho meno yangu hayajui?"

Wapagazi wakacheka. Mmoja akaongeza kwamba mwenye meno mabovu anatumia chumvi: unatia chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, unatikisa, chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi hayajakauka. Bei yake ni chumvi ya jikoni. Hao ndio washindani, na kwenye fomu hawakuwemo.

Gunia la tatu ndilo nisilolisahau. Mama akachoma juu, akatafuna, ikalia. "Kavu." Mhandisi, sijui alipata wapi ujasiri, akamwomba bambo. Akaliingiza chini, karibu na mshono wa kitako, akalisukuma mpaka kiwiko kikagusa gunia. Punje zikateremka kwenye mfereji wa chuma, akazimimina. Namba ikacheza, ikakaa 15.4. Mama akanyamaza. Akachukua punje za kule chini, akatafuna moja, akatafuna ya pili polepole amefumba macho, ulimi unaizungusha. Akaitema. Akachoma katikati mwenyewe, akatafuna tena. Halafu akageuka kumtafuta mwenye gunia.

Makavu yalikuwa yamewekwa juu. Siri ya zamani hiyo, meno yake yangeigundua angechoma chini tangu mwanzo. Ila tangu alfajiri alikuwa ametafuna magunia mangapi? Taya zinachoka, akasema mwenyewe, jioni kila punje inalia. Kimashine hakichoki. Hapo ndipo alipoanza kukitazama kama mtu anayetaka kununua.

"Kinaona sumu?"

Mhandisi angeweza kudanganya, na sina hakika mimi nisingedanganya. Akasema hapana. Kinaona maji tu. Ukungu unaotoa sumu unapenda unyevu, lakini sumu inaweza kuwa iliingia shambani wakati wa ukame, na kukausha hakuiondoi iliyokwisha kuingia. Mama akaguna.

"Haya. Fungua nione ndani."

Mhandisi akaniangalia. Chuo kilikuwa kimetuagiza kasha lisifunguliwe mbele za watu mpaka maombi ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi, yaingie BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, maana kitu kikishaonyeshwa hadharani si kipya tena kisheria. Agizo la maana kabisa, nililiandika mimi. Nikasema haliwezi kufunguliwa.

"Kwa nini?"

"Ni siri, mama, mpaka kisajiliwe."

"Mizani yenye siri ndani!" Akawageukia wapagazi. "Mnasikia? Miaka yote tunapigana na mizani zenye siri ndani, leo chuo kimetuletea nyingine." Kisha kwangu, kwa upole, na huo upole ndio uliouma: "Kikiharibika mwezi wa saba, nani atakifungua? Wewe?"

Sikuwa na jibu, na fomu haikuwa na mahali pa kuliandika hilo swali.

Wakati huo mwenye gunia amefika, anauliza nani katuita. Hakuuliza kama namba ni ya kweli. Mahindi yenye maji yana uzito, na uzito ndio anaouza. Kifaa chetu kilikuwa kinamtoa hela mfukoni kwa kila tarakimu. Mkulima huyu ndiye tuliyemzidisha kwa bei kule kwenye fomu. Nilielewa ghafla kwamba karibu kila mtu pale sokoni alikuwa na sababu yake ya kutotaka kujua, isipokuwa yule anayekwenda kulaza mzigo ghalani miezi kadhaa, na huyo ana meno.

Tukiwa tunaondoka mama akamshika Mhandisi mkono. "Sinunui. Ila njoo nacho siku za soko, wewe mwenyewe, nikulipe kwa gunia. Na uchome mpaka chini kama ulivyochoma leo."

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Nikaandika ripoti. Kwenye mteja wa kwanza nikaandika: wanunuzi wanaohifadhi, malipo kwa kila gunia, kifaa kisiuzwe. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza kama hiyo ni biashara au kibarua. Nikamtajia Dk. Askwar Hilonga wa Arusha, ambaye chujio lake la maji lilipata tuzo ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015, na kwamba watu wengi walianza kwa kununua maji yaliyochujwa kwenye kibanda, chujio lenyewe wasilimudu. Mwenyekiti akasema maji yananywewa kila siku, mahindi yanavunwa mara moja kwa mwaka. Nikasema wanaohifadhi wanapima hata Januari. Akasema kijana anahitimu, nani atakaa Kibaigwa? Chakula kikaletwa, kikao kikafungwa na alama ya wastani, ile alama ambayo haimuui mtu wala haimlishi.

Mhandisi alipata ajira mkoa mwingine. Maombi ya hataza yaliingia. Kasha sasa linaweza kufunguliwa, ila walio tayari kulifungua mbele ya wapagazi wa Kibaigwa siwaoni. Mama bado ananipigia simu misimu mingine kuuliza "yule kijana wa kuchoma mpaka chini" yuko wapi. Kimashine hakiulizii.

Labda hapo Mwenyekiti ana hoja. Labda alichokuwa anakinunua mama ni mkono wa Mhandisi, na mkono hausajiliwi BRELA. Mimi bado naona lile ni soko, dogo, la msimu, lakini la mtu aliyetaja bei kabla hajaulizwa, na hao ni wachache sana kwenye mafaili yetu. Mwenyekiti kila tukikutana Nyerere Square anasisitiza kwamba ni ajira ya mtu mmoja.